UFA KATIKA UKUTA

Mafundisho kwa washiriki wote
Masomo: Luka 14:28-30; Mambo ya Walawi 14:33-48; 2 Wafalme 12:4-15; Yakobo 5:4



Somo la leo halizungumzi juu ya makao ya mbinguni. Linazungumza juu ya nyumba hii ya mbao na mabati ambamo unalala hapa Goma, na juu ya kazi ya kuitengeneza. Mwingine atauliza: je, hiyo nayo ni habari ya kufundishwa kanisani? Ndiyo, ndugu. Wazee wanaosikiliza mashauri ya washiriki wanajua ni mara ngapi shauri linaloletwa kama ugomvi wa mume na mke, au kama chuki kati ya jirani na jirani, lilianzia kwenye mfuko wa simenti. Mtu alitaka kutengeneza ukuta mmoja. Kiisha ukuta ukawa miwili, deni likazaliwa, ada ya shule ikaliwa, fundi akaondoka bila mshahara wake, na mwishowe ikatafutwa nafsi ya kulaumiwa.

Bwana Yesu alileta mfano wa mtu aliyeanza mnara, akaishia kwenye msingi, na wapita njia wakamfanyia mzaha. Mfano huo tunaujua wote, na katika mji wetu hatukosi kuuona kwa macho: nguzo zimesimama, vyuma vinatoka juu vimeshika kutu, na majani yameota pale ambapo palikuwa pawe sebule. Lakini tazameni vizuri jambo moja. Mtu yule wa mnara alikuwa anajenga upya. Alikuwa na faida ambayo mwenye kutengeneza nyumba ya zamani hana, maana kila jiwe angeliweka yeye mwenyewe na angelijua. Anayetengeneza nyumba ya zamani anafungua kazi ya mtu mwingine. Anatoa ubao, na nyuma ya ubao anakuta kitu ambacho hakukihesabu.

Kwa hiyo tufahamu hili tangu mwanzo: gharama ya ziada haizaliwi katikati ya kazi. Ilikuwa ndani ya nyumba siku zote, imefunikwa na rangi, au mbao, au udongo. Kujua bei ya simenti sokoni ni kitu kidogo, kila mtu anaijua. Kuhesabu kwa kweli ni kutafuta kwanza kile kilichofichwa.

CHINI YA MSINGI

Tuanze na ardhi yenyewe. Mji wetu umekaa juu ya moto uliopoa. Nyiragongo ilimwaga lava tarehe 10 Januari 1977. Ikamwaga tena tarehe 17 Januari 2002, na siku ile lava ilipita katikati ya mji, ikafunika maelfu ya nyumba na sehemu ya uwanja wa ndege. Kisha tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena na kusimama kule Buhene, karibu sana na mji. Watu wakarudi na kujenga juu ya jiwe lile lile. Hatuwalaumu. Wangeenda wapi?

Mtu akiona jiwe jeusi namna ile anasema, hapa hakuna haja ya msingi, nimejenga juu ya mwamba kama yule mwenye akili katika Injili. Lakini lava si mwamba wa namna moja. Ilipokuwa inapoa, juu ilikauka kwanza na chini ikaendelea kutiririka, na pengine ikaacha mapango na mifereji mitupu. Tena mahali pengi watu walijaza mashimo kwa kokoto na takataka ili kiwanja kiwe sawa. Basi chumba cha zamani kinaweza kuwa kimekaa juu ya jiwe zima, na chumba kipya unachoongeza pembeni kikakaa juu ya kifusi. Kile cha kwanza hakishuki. Kile cha pili kinashuka kidogo kidogo kila mvua. Pale vinapoungana panapasuka kutoka juu hadi chini, na unaweza kupiga plasta mara tatu na mara tatu itafunguka.

Dawa yake ni rahisi kuliko hasara yake. Kabla ya kuongeza chumba, lipa mtu siku moja au mbili apige mtaimbo katika pembe nne na katikati. Sauti ya jiwe zima na sauti ya jiwe lenye utupu haziko sawa, na mafundi wazee wa hapa wanazitambua. Wako ndugu wanaoomba mkesha mzima juu ya kiwanja, na ni vizuri. Asubuhi wakachimbe pia.

Juu ya choo, sina budi kusema kwa ukali kidogo. Kuchimba shimo la choo katika lava ni kazi ya nyundo na patasi, inaenda polepole, na watu wengi wakipatana bei ya shimo hawapatani juu ya kina chake. Fundi anafika mita moja na nusu, anasema jiwe limekuwa gumu, ongeza pesa. Unaongeza, kiisha tena. Patana kwa mita, si kwa shimo. Lakini pesa si hatari ya kwanza. Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Bulengo na barabara ya Sake, kuna ile hewa mbaya tunayoita mazuku. Ni gesi inayotoka ardhini, haina rangi, haina harufu, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inakusanyika mahali pa chini na ndani ya mashimo, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Kila anayechimba awe na kamba imara mwilini na mtu wa kuangalia juu, wakati wote. Taa ya moto ikishushwa na ikizimika, asishuke mtu. Na hata isipozimika, hiyo bado si ahadi ya usalama. Ikiwa mwenzako ameanguka ndani, mvute kwa kamba. Usimfuate. Mtu anayeingia kumwokoa mwingine bila hewa anafanya jeneza la pili.

KUTOKA MBAO HADI MAWE

Kazi ambayo inapoteza pesa ya washiriki wengi kuliko nyingine yoyote ni hii ya kugeuza nyumba ya mbao iwe ya mawe, bila kuibomoa. Sababu yake ni nzuri. Mbao za mikaratusi zinaoza chini pale mvua inaporukia, mwizi anazing'oa, moto unazimeza kwa dakika chache. Mtu anasema: nitabadilisha kuta moja baada ya nyingine, mwaka huu mbele, mwaka ujao nyuma, na tutaendelea kulala ndani. Hesabu yake ni ya kuta tu. Tuseme amehesabu mifuko ishirini ya simenti, mchanga, mawe, na siku za fundi.

Sasa tazameni inavyokwenda. Nyumba ya mbao ni nyepesi. Imekaa juu ya mstari mfupi wa mawe, na mstari ule unatosha kwa mbao. Ukuta wa mawe ya volkano una uzito mara nyingi zaidi. Fundi mwaminifu atasema, msingi huu haufai, tuchimbe. Fundi asiye mwaminifu atanyamaza na kupanga mawe juu yake. Basi msingi mpya: hiyo ni gharama ya kwanza isiyoandikwa. Kiisha ukuta unapanda na unafika kwenye paa, lakini unene wa ukuta wa mawe si unene wa ubao. Paa la zamani halifiki nje, na mvua inaanguka juu ya ukuta badala ya kuanguka chini. Basi mbao mpya za paa, na mabati yaongezwe. Kiisha mlango wa zamani hauingii katika nafasi mpya. Kiisha, kwa kuwa ukuta mmoja ni wa mawe na mitatu ni ya mbao, hakuna kinachoufunga ule wa mawe pale juu. Umesimama peke yake kama mtu aliyelewa, na ardhi ikitetemeka unaweza kuanguka upande wa ndani, pale watoto wanapolala. Unahitaji mkanda wa zege wenye vyuma kuzunguka nyumba yote, na mkanda hauwezi kuzunguka nyumba ambayo haina kuta nyingine.

Yaani yule aliyesema atabadilisha ukuta mmoja alikuwa anaanza nyumba mpya bila kujua. Hapo ndipo watu wanakwama na mfuko mtupu, na nyumba iko wazi upande mmoja, na wanaweka shitingi pale palipokuwa na ubao mzuri wa kutosha.

Kwa maoni yangu, afadhali mtu wa kipato kidogo aache nyumba ya mbao ikae, abadilishe mbao za chini zilizooza tu, ainue mstari wa mawe juu kidogo ili mvua isizifikie, na akusanye vifaa kwa ajili ya chumba kimoja kamili cha mawe kitakachosimama peke yake chenye msingi wake, mkanda wake na paa lake. Chumba kimoja kizima ni bora kuliko nyumba nne za robo.

Tena wako wanaopiga simenti juu ya mbao ili nyumba ionekane ya mawe. Mbao inavimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa jua. Simenti haifanyi hivyo. Baada ya msimu mmoja inaanza kuachia, maji yanaingia nyuma yake, na ubao unaozea gizani ambapo hakuna anayeuona. Wageni wakija siku ya Yenga wanasifu. Kwa nini kulipa ghali ili kuficha kuoza?

KUHUSU UFA, NA JIRANI

Hapa tunafika kwenye kiini cha somo, na ninaomba msome polepole.

Mtu ametumia pesa yake, amemaliza, na baada ya miezi miwili ukuta unapasuka. Analala hawezi. Anasikia uchungu, anaona haya. Anakumbuka kwamba siku ile alipoleta simenti kwenye chukudu, mama wa kando alisimama akatazama na hakusalimu. Anakumbuka ugomvi wa mpaka wa zamani. Basi jina linapatikana. Linaletwa katika maombi, kiisha linaletwa katika mazungumzo, kiisha watoto wanakatazwa kwenda kwa jirani yule. Nyote mnajua mambo kama haya yanaweza kufika wapi. Hapa kwetu Kivu, mama mzee akishapewa jina la mchawi anaweza kupoteza nyumba yake, au uhai wake, na hakuna atakayemrudishia.

Sasa fungueni Mambo ya Walawi 14, kutoka mstari wa 33. Ni sheria juu ya nyumba yenye pigo katika kuta zake, mabaka ya kijani au mekundu yaliyozama ndani. Mwenye nyumba anakwenda kumwambia kuhani. Je, kuhani anafanya nini kwanza? Hamtafuti mtu. Anaamuru vyombo vitolewe nje, ndipo anaingia na kutazama ukuta. Anapima kama alama zimezama. Kiisha anafunga nyumba siku saba, na siku ya saba anarudi kutazama kama imeenea. Ikiwa imeenea, mawe yale yenye ugonjwa yanatolewa, kuta zinakwanguliwa, yanawekwa mawe mengine na udongo mwingine. Ikirudi tena baada ya hayo, ndipo nyumba inabomolewa. Katika sheria yote ile hakuna hata neno moja la kumuuliza mwenye nyumba ni nani anayemchukia. Kuna kutazama, kungoja, na kutazama tena.

Fanya vivyo hivyo na ufa wako. Chukua kalamu, weka alama kwenye ncha mbili za ufa na uandike tarehe. Kisha paka kidonge chembamba cha simenti au jasi kikivuka ufa, na pale pia uandike tarehe. Ngoja wiki kadhaa, hasa za mvua. Kidonge kisipopasuka, ukuta umetulia na plasta inatosha. Kikipasuka, ukuta bado unatembea, na kila franka unayotia katika plasta ni franka uliyotupa.

Ufa nao unasema, ukiusoma. Ule mwembamba unaosambaa kama utando wa buibui kwa kawaida ni plasta tu, iliyokauka upesi mno. Hapa Goma tunajua sababu: maji tunayanunua kwa bidoni. Kazi ya simenti inatakiwa kunyweshwa maji siku saba, lakini mwenye nyumba anahesabu bei ya bidoni na fundi anaharakisha kwenda kwenye kazi nyingine, basi ukuta unanyweshwa jioni moja na kuachwa kwa jua. Maji ambayo hukuyanunua unayalipa baadaye kwa simenti. Ufa unaopanda kama ngazi kutoka pembe ya dirisha mara nyingi unaonyesha kwamba msingi unashuka upande mmoja. Ufa ulionyooka kati ya chumba cha zamani na kipya tumekwisha kuueleza. Ufa unaolala kuzunguka nyumba chini ya paa mara nyingi ni paa linalosukuma kuta kwa sababu hakuna mkanda.

Na tusisahau mwaka 2021. Baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei ardhi ilitetemeka siku nyingi, na tarehe 27 Mei watu wa mitaa mingi waliamriwa kuhama, wakaenda Sake, Rutshuru, na wengine wakavuka Rwanda. Walioporudi walikuta kuta zimepasuka. Wengine walipaka rangi, na wengine waliuza nyumba zikiwa zimepakwa rangi. Ukinunua au ukikodi nyumba leo na unataka kuipamba, uliza wazi: mwaka ule ilikuwaje? Na wewe unayeuza, mshiriki wa kanisa, rangi ile uliyopaka juu ya ufa ni uongo ulioandikwa kwa brashi.

Hatusemi kwamba hakuna roho mbaya duniani, wala hatukatazi maombi juu ya nyumba. Tunasema kwamba mfereji wa bati unaovujia kwenye msingi unafanya kazi yake usiku na mchana, na hauogopi maombi. Unaogopa fundi wa bati. Anayemtaja jirani kabla ya kutazama mfereji amemshuhudia mwenzake uongo, na amri ya kumi haikuandikwa ili kuifuta ya tisa.

JUU YA KICHWA

Habari ya paa ni fupi. Mabati yanauzwa kwa namba, na namba kubwa ni bati jembamba: BG 32 ni jembamba kuliko BG 30, na BG 30 kuliko BG 28. Wengine wanafikiri namba kubwa ndiyo nguvu. Tena mlima wetu unapumua, na moshi wake ukichanganyika na mvua unakuwa mkali, unakula bati. Bati jembamba hapa haliishi miaka lingeyoishi mahali pengine. Anayenunua jembamba ili abakize pesa ya dari anaharibu dari ile ile mvua ikipenya. Na misumari ya zamani usiipige katika matundu ya zamani. Mbao iliyo chini ya tundu lililovuja huwa imeoza, nayo ndiyo gharama uliyotakiwa kuitafuta kwa kisu kabla fundi hajapanda. Choma kila mbao ya paa kwa ncha ya kisu. Ikiingia kama katika muhogo uliopikwa, andika.

Umeme nao. Wengi wamevuta waya siku hizi, na ni baraka. Lakini waya mwembamba uliofungwa kwa msumari juu ya ubao mkavu, ukibeba pasi na jiko la umeme, unapata moto, na katika mitaa ambamo nyumba za mbao zimeshikana, moto wa mmoja ni moto wa wote. Hapo si mahali pa kutafuta fundi wa bei ya chini.

SANDUKU LA YOASHI

Mfalme Yoashi alitaka kutengeneza nyumba ya Bwana iliyobomoka. Aliwaachia makuhani wapokee pesa na watengeneze. Mwaka wa ishirini na tatu wa ufalme wake ukafika, na nyumba haijatengenezwa. Pesa ilikuwa inaingia, lakini haikuwa na mahali pake. Ndipo kuhani Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu. Pesa ya kazi ikaingia humo peke yake. Ikijaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja pamoja, wawili, wakahesabu na kufunga katika mifuko, wakawapa wasimamizi, na hao wakawalipa maseremala, waashi na wachonga mawe, wakanunua mbao na mawe. Pesa ile haikutengeneza vikombe vya fedha. Ilikuwa ya kutengeneza ukuta, na iliingia katika ukuta.

Kila kitu ambacho kazi zetu zinakosa kiko katika sura ile. Pesa ya nyumba ikae peke yake, isichanganywe na ya chakula wala ya biashara. Wanaohesabu wawe wawili: baba asiseme yeye ndiye kichwa na kwa hiyo mtaji wa mama wa kuuza makala au samaki uingie katika simenti bila kuulizwa. Mtaji ule ndio uliokuwa unalisha nyumba. Nyumba nzuri yenye sufuria tupu imebomoka tayari. Mwezi Januari 2025 benki za mji wetu zilifunga milango, na waliokuwa wameanza kazi kwa pesa iliyokuwa benki waliona maana ya kuanza kubomoa kabla pesa haijawa mkononi. Wengine waliokolewa na likelemba. Lakini zamu ya likelemba nayo ni ahadi kwa wenzako. Ukiila yote katika paa na ukashindwa kuchangia zamu zinazofuata, umetengeneza nyumba yako kwa mabati ya watu kumi.

Weka pia akiba ya kile usichokiona. Yusufu alishauri kutenga sehemu ya tano wakati wa shibe. Kwa nyumba ya zamani ya hapa, mimi ningetenga robo, na nisingeigusa mpaka fundi ameteremka kutoka kwenye paa.

Na mshahara wa fundi. Yakobo 5:4 inazungumza juu ya mshahara uliozuiwa, na kilio kinachofika masikioni mwa Bwana. Watu wengine, gharama ikizidi, wanaitafuta kwa fundi. Wanasema kazi haikupendeza, rudi mwisho wa mwezi. Fundi naye, akijua kwamba atacheleweshwa, anaanza kuuza mfuko mmoja wa simenti jioni, anaongeza mchanga badala yake, na ukuta unasimama kwa mchanga. Dhambi mbili zinajenga ukuta mmoja! Patana naye mbele ya shahidi, andikeni katika daftari: kazi gani, vifaa nani ananunua, analipwa lini. Lipa kwa hatua, msingi ukiisha, kuta zikiisha, paa likiisha. Usimpe yote mwanzoni, wala usimnyime chochote mwishoni. Nanyi mafundi mlio washiriki wetu, mkiona msingi haufai, semeni siku ya kwanza, hata kama mwenye nyumba atakasirika na kumwita mwingine.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Katika Walawi 14, kwa nini vyombo vinatolewa kabla kuhani hajaingia, na si baada yake?

2. Je, katika mtaa wenu kuna mtu aliyetajwa kwa ubaya kwa sababu ya nyumba ya mwingine iliyoharibika? Ni nani kati yenu atakwenda kutazama ukuta ule, na siku gani?

3. Mume na mke wamekubaliana kutumia pesa ya ada ya watoto kwa paa, kwa kuwa mvua imekaribia na watoto wanalala majini. Mmoja wa wazee anasema wamekosa, mwingine anasema wamefanya vema. Nanyi mnasemaje?

4. Fundi wa kanisa letu anamdai mshiriki wa kanisa letu. Wote wawili wanaimba katika kwaya moja. Nani aanze kusema?